Arobaini na Moja

Baba yetu, Fundi Abedi, alipokaribia kukata roho hakuomba maji wala hakuita jina la mtu. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mteja suruali itakuwa tayari lini: "Siku ya hitima, Mwalimu aombee batoto yangu batatu." Kisha akageukia ukutani, na kulipopambazuka alikuwa ameshakwenda.

Sisi tuko wanne. Mimi Saidati ndiye mkubwa. Anafuata Hamisi, anayeendesha lori huko Usumbura, kisha Zaituni aliyeolewa Bukavu, na kitinda mimba ni Kadiri, ambaye baba anakufa yeye alikuwa Ubelgiji akisoma hesabu. Wote hai, wote wa mama mmoja. Kwa hiyo baba akisema watatu, kuna mmoja amemtupa, na Gisenyi nzima ilijua ni nani.

Sikulia. Watu walikuja na mikeka yao na pole zao, mimi nikawagawia chai. Nilikuwa nimekufa ganzi. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona, ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu. Wanawake wa mtaa wetu wa Waswahili walinitazama kwa jicho la pembeni, maana kwetu mfiwa asiyelia hutafutiwa sababu. Watafute. Nilikaa kwenye cherehani ya baba nikamalizia nguo za wateja alizoziacha zimekatwa, moja baada ya nyingine, na mshono ulinyooka kuliko siku zote.

Habari ya "watatu" ilianza zamani, mwaka wa njaa ya Ruzagayura, mwaka uleule niliporudi nyumbani mjane kutoka Kanama. Kadiri alikuwa mtoto mwenye kichwa chepesi kupita kiasi. Shule za maana zilikuwa za mapadri na mafrère, wale watawa walimu, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusonga mbele alikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa na maji ya ubatizo. Akaingia Kadiri, akatoka Jean Bosco. Baba hakupiga kelele. Alikunja kanzu ya Idi aliyokuwa akimshonea, akaiweka, na tangu hapo hakulitaja jina lake mbele ya watu. Mteja akimuuliza, "Fundi, Mungu amekujalia watoto wangapi?" anajibu bila kuinua macho: "Batatu." Hata waliokuja kupunguza suruali tu waliondoka wakijua wamesikia hukumu.

Hukumu hiyo niliichukia. Kadiri nilimbeba mgongoni mimi, mama alipofariki yeye hajaota meno. Lakini sikumuuliza baba kitu. Nyumbani kwetu mambo makubwa hayakuulizwa, yalipigwa pasi yakakunjwa.

Siku moja Nyirasafari alikuja na beseni lake. Ni muuza samaki wa ufukweni, Mkristo, mtu wa nyumba yetu tangu enzi za mama. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akafunua majani juu ya samaki.

"Ihangane, Saidati," akanipa pole. "Na ule wa Bulaya, anakuja?"

"Iko njiani. Hamisi atamupokea Usumbura na lori."

"Yoo. Na siku ya hitima batasoma jina yake?"

"Mi sijue."

"Fundi alikuwa anasema batatu, na maneno ya mutu alikufa haichezewi." Alifikiri kidogo, kidole kwenye shavu. "Lakini mi pia nilibatizwa, na sikukufa. Batu benu bako bakali sana."

"Leta samaki, acha maneno."

Alicheka, akanichagulia wakubwa. Hakujua kwamba alikuwa amegusa palepale. Wosia wa baba niliusikia peke yangu, na Mwalimu Asumani, imamu wetu, alikuwa bado hajaambiwa. Nilipaswa kumwambia kabla ya arobaini. Nikisema watatu, atasoma Saidati, Hamisi na Zaituni mbele ya mji mzima, na Kadiri atakuwa amezikwa pamoja na baba. Nikisema wanne, nitakuwa nimemsingizia maiti. Nilizunguka na jambo hilo jikoni na sokoni, na kila siku nikasema kesho.

Kadiri alifika na mvua. Hamisi alimshusha mlangoni kama mzigo wa mtu mwingine, akaenda kuegesha lori. Alikuwa amekonda, na koti lake la Kizungu lilikuwa limeshonwa vibaya mabegani. Hilo ndilo nililoliona kwanza, Mungu anisamehe.

"Yaya," akasema, maana mimi ni dada yake mkubwa na hajawahi kuniita vingine.

"Ingia. Vua viatu."

Naye hakulia. Alikwenda makaburini upande wa Rugerero na Hamisi, akarudi na tope hadi magotini, akanawa, akaketi kwenye meza ya kukatia ya baba. Nikajua kwamba naye amekufa ganzi, na nikafurahi kidogo kumpata mwenzangu. Baadaye akavuta kopo la vifungo, akaanza kuvipanga juu ya meza, mistari na mistari, huku midomo yake ikicheza.

Siku ya kwanza nilimwacha. Siku ya pili nikachoka.

"Unahesabu nini?"

"Surface."

"Ni kitu gani?"

"Uso."

"Uso wa nani?"

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Wa équation, yaya. Haina mwenyewe."

Nikamwambia basi anieleze, mradi mikono yangu iendelee kupinda mapindo. Akanieleza taratibu, kama zamani alipokuwa akirudi likizo na kunisomesha kwa makaa sakafuni.

"Nyanya alikuwa anatuambia zamani wiki ya Banyarwanda ilikuwa siku tano, unakumbuka? Ya tano ikiisha, unarudi kwa ya kwanza. Bon. Fikiri dunia ambayo namba pia ziko tano tu. Ukiongeza moja juu ya ile ya mwisho, unarudi kwa sifuri. Katika dunia ndogo kama ile, équation iko na majibu machache, unaweza kuyahesabu kwa vifungo. Kila jibu ni nukta moja ya ule uso."

"Na ukishahesabu?"

"Nukta zinakuambia mapengo."

Niliinua kichwa. Kwetu pengo ni jino lililong'oka, na mtu akifa tunasema ameacha pengo. Sikujua kwamba Ulaya nao wanayahesabu.

"Mapengo ya nini?"

"Ya ule uso. Huwezi kuyaona. Lakini, yaya, mi nikikuletea nyuzi fundi alitumia kwa kushona kifungo, bila kukuonyesha kifungo, hautajua kiko na matundu mawili ao mane?"

"Nitajua."

"Donc ni vile. Unahesabu zile ziko, na unajua zile haziko. Halafu unahesabu tena katika dunia kubwa, na ingine kubwa zaidi, maana kuna nukta zinajificha katika ndogo na zinaonekana katika kubwa. Hesabu zote unazitunga kwa uzi mumoja. Ule uzi unaitwa zeta. Ndani yake kila pengo iko na nafasi yake, zingine zinaongeza, zingine zinapunguza. Mukubwa mumoja wa hesabu aliandika namna inapaswa kuwa. Lakini kwa nyuso, kuthibitisha yote, bado. Batu banatafuta chombo ya kupima yale mapengo na hawajaipata. Mi nahesabu tu."

"Na hii yako ni ngapi?"

"Arobaini." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeonja chumvi kwenye chai. "Na haiwezekani. Uso wa namna hii, ukipanga nukta zake tano tano, lazima moja ibaki. Kila mara. Ni ishirini na tano, halafu tano mara kadhaa, halafu moja. Ile ya kwanza na ile ya mwisho zinaangaliana, kama mikono miwili ya kanzu. Mi napata tano tano kamili, hakuna kinabaki. Kanzu iko na mukono mumoja."

"Miaka yote Bulaya, na kuhesabu vifungo haujue."

"Ni zoezi ya banafunzi, yaya. Ningeifanya nimelala. Lakini tangu télégramme ilifika, kila nikihesabu napata arobaini."

Nilimuuliza kwa nini hahesabu moja moja kama watu wengine. Akasema yako majibu mengi ya kujaribu, kwa hiyo kuna njia ya mkato: unachagua nukta moja unayoijua, unasimama juu yake, unatazama kila mstari unaotoka pale, na unahesabu nukta ambazo mistari inazigusa. Nikaona ni kazi ya mtu asiye na mke. Nikarudi kwenye pindo langu, naye akavikusanya vifungo vyote na kuanza upya.

Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Yaya. Baba alisema nini juu yangu?"

"Alikuwa amechoka."

"Batu banasema alikuwa anasema batatu."

Cherehani ilijibu kwa niaba yangu, nikaikanyaga kwa nguvu.

"Kama jina yangu haisomwi, sitakasirika," akasema. "Nitarudi kwa masomo. Lakini sitakuja tena Gisenyi. Mutu hawezi kurudi mahali haiko."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayetaja saa ya kuondoka lori. Nilijua kwamba hapo ndipo dada anapoumia. Nilijitazama ndani nikautafuta uchungu, nikakuta nyumba tupu. Lakini akili ilikuwa bado inafanya kazi, na akili iliniambia: kesho asubuhi nenda kwa Mwalimu, ukaseme uongo.

Mwalimu Asumani ni mtu wa Ujiji. Alikuja Gisenyi kijana, na biashara ya chumvi. Chumvi ikaisha, yeye akabaki na vitabu. Kiswahili chetu kinamchoma masikio mpaka leo. Ukienda mlangoni kwake ukauliza, "Mwalimu iko?" atakujibu mwenyewe kutoka ndani, "Sahani iko. Sufuria iko. Mtu yuko!" Ametusahihisha tangu tukiwa watoto na hatujapona.

Nilimkuta barazani akibandika kwa uji wa muhogo kurasa za juzuu zilizolegea, zile zitakazosomwa kwenye hitima yetu. Akanionyesha kiti.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kwa habari ya arobaini."

"Ndiyo, Mwalimu. Baba aliacha neno. Alisema uombee batoto yake." Nikazitazama kurasa zake. "Batoto yake banne."

Mwalimu aliuweka ukurasa chini. "Wanne?"

"Banne."

"Fundi Abedi hakusema wanne," akasema taratibu.

Nikajua uongo wangu umekufa kabla ya kutambaa. Basi nikamwambia ukweli, na nilimwambia kwa hasira, maana mtu aliyekamatwa hana adabu nyingine. "Alisema batatu! Lakini Mwalimu, mutoto amevuka bahari kuja kwa kaburi ya baba yake. Jina yake isiposomwa, hatutamuona tena. Ubatizo ilikuwa mulango ya shule tu. We unajua."

"Unamsema nani?"

"Kadiri."

Alinitazama kana kwamba nimesema Kiflamandi cha Wabelgiji. "Kadiri ndiye aliyetajwa kuliko wote. Kila Ijumaa baada ya sala baba yako alinishika mkono hapa, kwenye kiwiko. Huniambia, Mwalimu, niombee watoto wangu watatu. Hamisi, kwa sababu ya barabara. Zaituni, kwa sababu yuko kwa watu. Kadiri, kwa sababu yuko peke yake kwa Wazungu. Hamisi na Zaituni aliwataja tu. Akifika kwa Kadiri sauti humkatika, nami humalizia dua mwenyewe. Mbele ya watu hakuweza kulitamka jina lile, aliona haya kulia akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni."

Nilisikia kila neno, lakini hayakukaa pamoja.

"Batatu," nikasema. "Toka lini?"

"Tangu ulipotoka Kanama. Wakati wa njaa walikuwa wanne: wewe ulikuwa Kanama na baba yako hajui kama umekula, Kadiri amekwishapelekwa bweni, Hamisi njiani, Zaituni kwa mumewe. Mumeo alipofariki ukarudi nyumbani. Ijumaa iliyofuata ikawa watatu."

"Na mi, Mwalimu?"

Akashika tena brashi yake, akaiangalia. Nadhani alitamani asingeanza.

"Nilimuuliza siku moja. Nikamwambia, Fundi, na Saidati je? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari ya kofia aliyoivaa. Akasema, 'Saidati iko.' Nikamwambia, mtu ni yuko, Fundi, iko ni sahani. Akasema tena, 'Saidati iko hapa, Mwalimu.' Akatia uzi kwenye sindano."

Nilimshukuru. Nilikumbuka hata kumuulizia mkewe. Halafu nikashika njia ya nyumbani, na kila nyumba niliyoipita nikaona vitu vilivyokuwa mahali pake. Cherehani iko. Pasi iko. Meza ya kukatia iko. Saidati iko. Miaka yote niliyompikia uji, niliyomsomea namba za futi macho yake yalipofifia, niliyomgeuza kitandani mwishoni asiote vidonda, kila Ijumaa alikwenda msikitini kumwomba Mungu awaangalie wanawe, na mimi sikupata hata kipande cha dua hiyo. Nilifika mlangoni nikiwa na hasira, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuhisi kitu chochote.

Kadiri alikuwa mezani na vifungo vyake.

"Jina yako iko," nikamwambia nikiwa nimesimama. "Batatu ni Hamisi, Zaituni na we. Alikuwa anakuombea kila Ijumaa mbele ya Mwalimu, na alikuwa analia. Ule alitupwa ni mi."

Alinitazama kwanza bila kuelewa. Nikayarudia maneno ya Mwalimu yote, na "iko" yake. Kadiri akaweka uso juu ya meza ya baba, juu ya vifungo, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto, mpaka Hamisi akachungulia na kuondoka tena. Mimi nilisimama nikimwangalia. Nilimwonea wivu. Yeye alikuwa amepewa baba yake amlilie.

Aliponyamaza, vifungo viwili vilikuwa vimeganda shavuni mwake. Akavibandua, akavitazama. Kisha akabaki mdomo wazi kwa namna niliyoijua, ile ya utotoni alipokuwa akisahau kuufunga.

"Yaya," akasema. "Mi nilikuwa nimesimama wapi?"

"Wapi nini?"

"Katika ule uso. Nilichagua nukta, nikasimama juu yake, nikahesabu zote ninaona." Akavipanga haraka haraka, tano tano, akavipitia kwa kidole, akabaki na mkono hewani. Halafu akachukua kifungo kimoja kutoka kopo, cheusi, cha koti, akakiweka peke yake ukingoni mwa meza. "Ile nimesimama juu yake sikuihesabu. Ni arobaini na moja."

"Hongera."

"Yaya, si unaona? Baba alifanya kosa hii hii. Alikuwa anahesabu akiwa amesimama kwako. Ni kama ule mutu wa hadisi, anahesabu punda zake na anasahau ile amepanda."

"Asante sana," nikamwambia. "Nilikuwa cherehani, sasa nimekuwa punda."

Hakucheka. "Bila ile nukta, singeona hata moja."

"Nyamaza, Kadiri. Hayo ni maneno mazuri, rudi nayo Bulaya ukaandike. Baba hakuwa équation. Alikuwa na mudomo. Angesema banne. Ni neno moja tu, na hakulisema hata siku anakufa, na mukono yake iko ndani ya mukono yangu."

Nikaenda jikoni. Hasira nayo haikukaa. Ilipofika jioni ilikuwa imekwisha, na nyumba ndani yangu ikawa tupu tena.

Siku ya hitima turubai la lori la Hamisi lilitandazwa uani, wanaume wakajaa mikekani. Zaituni alikuwa amefika kutoka Bukavu na wanawe. Kadiri hakuingia katikati. Aliketi kizingitini, nusu ndani nusu nje, amevaa kanzu ya Hamisi iliyomzidi, na watu wakampisha kama wanavyopisha ndoo iliyojaa maji. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, jikoni. Ubani ulikuwa unafuka. Mimi nilishika mwiko wa pilau, kwa sababu mwiko huwa naushika mimi. Nyirasafari naye alikuja, akaketi kwenye kigoda akimenya vitunguu. Alisema hakuja kusali, amekuja kufanya kazi.

Juzuu zilisomwa zikaisha. Mwalimu Asumani akakohoa.

"Marehemu Abedi aliusia," akasema kwa Kiswahili chake cha Ujiji, "tuwaombee watoto wake watatu."

Nyirasafari aliacha kumenya, akanitazama, na mimi nikautazama wali.

"Hamisi bin Abedi," akasema Mwalimu. "Zaituni binti Abedi."

Wote walijua jina linalofuata, na wote walikosea.

"Kadiri bin Abedi."

Kukapita mnong'ono kutoka mkeka hadi mkeka. Nyirasafari alishika kifua, akamwita Mungu, "Mana yanje," kisha akahesabu kwa vidole vyake vyenye vitunguu, akahesabu tena, akanigeukia mdomo wazi. Nilikoroga. Nje Mwalimu alikuwa akiinua mikono kwa ajili ya Fatiha.

"Na moja, Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya Kadiri. Nilisogeza pazia kidogo kwa mwiko. Alikuwa amesimama pale kizingitini na kanzu inaburuta.

"Wosia ni watatu, Jean Bosco," akasema mzee mmoja kutoka pembeni, na alilikaza lile jina.

"Ni batatu na moja," Kadiri akasema. "Baba hakumuhesabu sababu alikuwa anahesabia kwake. Mutu akisimama mahali, hapo hapaoni. Lakini ukiacha ile moja, hesabu yote ni ya uongo. Hata sisi batatu."

Watu walitazamana. Hakuna aliyeelewa, naweza kuapa. Mimi mwenyewe niliyekwisha kuelezwa sikuwa na hakika. Mwalimu peke yake aliteremsha mikono, akaiweka magotini, na akageukia pazia letu.

"Saidati yuko?" akauliza.

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Nilitaka niwaachie hesabu yao, wagombane nayo, wale pilau waende. Lakini nikamwona baba kichwani mwangu, futi shingoni, akitafuta mkasi kwa kupapasa na kuniambia nimletee bila kutaja jina langu, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

"Iko," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. Nikairudia. "Iko hapa."

Nilimngoja Mwalimu anisahihishe. Mji mzima ulingoja. Yeye aliinua mikono yake tena, akafumba macho.

"Na Saidati," akasema, "iko hapa."

Wakaanza Fatiha.

Ganzi ikitoka mguuni hutoka kwa maumivu, kila mtu anajua. Huanza kama sindano chache, halafu hujui mahali pa kuweka mguu. Ilinianzia mikononi. Nililia juu ya sufuria, nililia kwa sauti bila haya, na Zaituni alikuja kunishika nikamsukuma. Nyirasafari aliinuka kwenye kigoda chake, akaninyang'anya mwiko.

"Leta. Pilau inaungua."

"Nyirasafari," nikamwambia, nikimshika mkono wake wenye vitunguu kama mtu anayetoa habari mpya. "Baba haiko."

"Ndiyo, ndugu yangu," akasema, akikoroga. "Haiko."